Soketi ya Ubavuni

Odilia alikataa mara ya kwanza kwa upole, na sehemu hiyo watu wa mtaa wetu wa Viwanja Sitini huiruka kila wanapoisimulia habari hii. Wanapenda kuanzia pale alipozima umeme mbele ya padre, utadhani mwanamke yule aliamka tu siku hiyo na wazimu wake. Si kweli. Alikataa kwanza kwa adabu zote, amechuchumaa jikoni kwa Mzee Maximilian na testa ya umeme imepachikwa nyuma ya sikio, akieleza jambo ambalo mtoto wa darasa la nne angelielewa, mradi tu awe tayari kusikiliza.

Mzee Maximilian ni mtu wa mashine za kukoboa mpunga. Anazo mbili Kibaoni, na wakulima wengi kuanzia Mkula mpaka Kivukoni wamewahi kulala juu ya magunia yao pale kwake wakisubiri zamu. Kelele za mashine zimemzoesha kupaza sauti, hata kanisani anajibu maombi kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Alipojenga nyumba yake mpya alimwita Odilia afunge umeme, na kwa hilo apewe haki yake, maana mafundi wanaume walikuwepo tele. Odilia alipitisha paipu ukutani, akavuta nyaya, akasimika ufito wa shaba ardhini kwa ajili ya ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na mwisho akatia saini na namba ya leseni yake kwenye fomu iliyokwenda shirika la umeme. Kwa hiyo jina lililobeba umeme wa nyumba ile lilikuwa lake.

Balaa lilikuja na meza. Rosemery, mke wa mzee, ambaye mtaani kila mtu anamwita Mama Bryson, alikuwa ameona kwenye simu majiko ya wenzetu, katikati yana meza kubwa iliyosimama peke yake, mama mwenye nyumba amesimama upande huu anakatakata, wageni wamekaa upande ule wanacheka. Akaitaka. Akaenda kwa mchomeleaji, akatengenezewa miguu minne ya chuma, ubavu wa bati zito, na juu shiti ya chuma inayong'aa mpaka unaona meno yako. Yeye aliiita ailendi. Wengine wote waliiita kisiwa, na walicheka, kwa sababu Ifakara mvua ikikaza hata kitanda kinakuwa kisiwa na hakuna anayekipiga picha.

"Sasa nataka soketi hapa," Mama Bryson alisema, akigonga ubavu wa kile kisiwa, usawa wa goti. "Birika langu, blenda yangu, jiko la wali. Nisimame hapa hapa nifanye kila kitu."

Odilia aliinama akachungulia chini ya meza. Sakafu ilikuwa imeshapigwa marumaru, nyeupe pe, na chini yake hapakuwa na paipu yoyote, kwa sababu wakati wanapiga sakafu hakuna aliyewaza kisiwa.

"Inawezekana, mama," alisema. "Lakini si hapo ubavuni. Soketi ikiwa hapo, waya wa birika utaning'inia ukingoni. Mjukuu wako ana miaka miwili, na mkono wake unafika wapi? Unafika hapo hapo. Akiuvuta, maji ya moto yote yanamshukia usoni."

"Mjukuu wangu ana adabu."

"Ana miaka miwili, mama." Odilia alitabasamu. "Soketi tutaisimamisha juu, katikati ya meza, iwe na kifuniko chake. Na waya upite chini ya sakafu, ndani ya paipu iliyozibwa vizuri maji yasiingie, uwe waya wa nyuzi tatu, wenye ethi. Meza hii ni chuma kitupu, lazima nayo ifungwe ethi. Tutabomoa mstari mmoja wa marumaru kutoka ukutani mpaka hapa. Siku mbili nimemaliza."

Neno kubomoa ndilo lililomleta Mzee Maximilian kutoka sebuleni.

"Kubomoa nini?"

"Marumaru chache tu, mzee."

"Marumaru hizi nimezisindikiza mwenyewe kwenye lori kutoka Dar es Salaam. Nimekaa juu yake kama kuku anayelalia mayai. Halafu wewe uzipige nyundo?"

"Basi tuache, mzee. Soketi nne zipo ukutani, ni hatua tatu tu kutoka hapa."

Mama Bryson alimkata jicho. "Yaani nimetengeneza ailendi ili nitembee hatua tatu?"

Mzee Maximilian alimvuta Odilia barazani na kupunguza sauti, na kwake kupunguza sauti maana yake ni kwamba jirani wa tatu hakusikia. Alikuwa anajenga fremu kumi na nne za maduka Kibaoni. Atakayeweka soketi ya mama ndiye atakayefunga umeme wa fremu zote. Alikuwa anatafuta fundi anayesikiliza, alisema, si fundi wa kumfundisha kujenga nyumba yake mwenyewe.

Odilia alizitaka zile fremu. Hakuna haja ya kuficha. Alikuwa ameshazipigia hesabu ya nyaya kichwani, alikuwa ameshachagua ukuta ambao angechora jina lake na namba ya simu, na moyo ulimuuma kabisa. Lakini alisema hapana, akasema asante mzee, akabeba mkoba wake. Huko ndiko kukataa kwa kwanza.

Kazi akapewa Evod. Evod hana leseni, ila ana pikipiki, buti za kazi za gharama na maneno matamu, na kwa watu wengi vitu hivyo vinatosha. Alimaliza mchana mmoja. Alichukua waya wa nyuzi mbili, akaulaza sakafuni kwenye pembe ya ukuta, akauvusha hadi kisiwani chini ya ukanda wa plastiki, akatoboa tundu kwenye mguu wa chuma, akaupenyeza, na akapachika soketi ubavuni, usawa wa goti, pale pale mama alipopataka. Tundu lile halikuwekwa hata kipande cha mpira cha kuzuia chuma kisile waya. Mama Bryson alichemsha chai, akapiga picha, akatuma kwa dada zake wote wa Mahenge.

Siku ya tatu umeme wa jikoni ulikatika. Wakawasha. Ukakatika tena. Ilikuwa ni ile breka ambayo Odilia aliifunga kwenye meinswichi, yenye kitufe kidogo cha kuijaribia, ambayo kazi yake ni moja tu: ikihisi umeme unavuja kwenda kusikotakiwa, mathalani kupitia mwili wa mtu, inakata kabla moyo haujasimama. Ilikuwa inafanya kazi yake. Evod aliitazama, akacheka.

"Breka ya yule dada mbovu hii," alisema. "Ina wivu kama mwenyewe."

Akaurukisha waya wa kisiwa, usipite tena kwenye breka ile. Tangu hapo umeme haukukatika, na Mzee Maximilian alimsifu kwa sauti yake yote.

Aliyekuwa analipia sifa hizo ni Kristina. Huyu ni binti wa Uchindile, huko kwenye misitu ya kupanda, na alikuwa na mwaka mmoja na nusu akipika na kufanya usafi kwa Mama Bryson. Nyumba ile ina sheria: viatu vinabaki mlangoni. Mgeni anavua, mtoto anavua, Kristina anavua. Wanaobaki na viatu ni wenye nyumba wawili, kwa sababu wana makubazi yao ya mpira ya kuvalia ndani. Na usafi wa pale hauwi usafi mpaka zimwagwe ndoo mbili tatu za maji sakafuni, yasukumwe kwa mpira mpaka mlango wa nyuma, marumaru zing'ae. Kristina aliyafanya hayo kila siku, miguu mitupu ndani ya maji, akishikashika ile meza ya chuma.

Meza ikaanza kumpiga. Mara ya kwanza ilikuwa kama siafu kwenye vidole. Mara ya pili ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Akasema.

"Mbona mimi hainipigi?" Mama Bryson aliuliza, amesimama ndani ya makubazi yake ya mpira, kiganja juu ya meza.

Mzee naye akashika. Haikumpiga. Shangazi aliyekuja kutoka Mahenge akashika, amepanda juu ya kigoda cha mbao anafikia sufuria, haikumpiga. Wote wakamtazama Kristina. Wakaanza kuulizana maswali ya chini chini, yeye akiwepo: kwao kuna nini huyu, amekuja na nini, mbona inamchagua yeye tu? Shangazi akasema mtu mwingine anakuwa na kitu ndani yake, na nyumba mpya isiyobarikiwa inakitambua. Mama Bryson akamvisha rozari shingoni. Rozari ya chuma, Mungu wangu. Kisha wakapanga siku: padre aje abariki nyumba, na akimaliza vyumba amwombee huyu binti, kitu chake kimtoke.

Mimi ninayesimulia nina dini yangu na ninaipenda, lakini sehemu hii hunipandisha hasira kila nikiifikia. Walikuwa na breka iliyowaambia ukweli mara kumi, wakaona rahisi kumshuku mtoto wa watu.

Alhamisi, baada ya sala ya jumuiya, Kristina alimvizia Odilia nje ya uzio wa nyumba waliyosalia.

"Shikamoo, dada Odilia."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Kristina alifungua mkono wake. Kiganjani palikuwa na alama nyekundu, imekauka katikati. "Jana ile meza imenishika. Si kunipiga, kunishika. Nilitaka kuachia vidole vikakataa. Nimepona kwa sababu niliteleza nikaanguka." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayekiri kosa. "Dada, mimi sina kitu. Nimejikagua moyoni mwangu, sina kitu."

Odilia alikishika kiganja kile akakitazama. Alimuuliza maswali matatu tu: nani kafunga, breka ilikuwa inakatika, na sasa je? Alipopata majibu alielewa yote bila kuiona meza.

"Usirudi kwenye lile jiko," alimwambia.

"Niende wapi? Nikaseme Uchindile nimeshindwa kazi kwa sababu ya meza?"

Odilia alikwenda getini kwa mzee jioni hiyo hiyo. Hakufunguliwa geti zima, alifunguliwa upenyo wa kutosha uso.

"Zile fremu nimeshampa Evod," Mzee Maximilian alisema.

"Sijafuata fremu, mzee. Hiyo meza ina umeme. Zima, nipe nusu saa tu."

"Jumamosi padre anakuja. Mambo yataisha."

"Mzee, padre hafungi ethi."

Geti lilifungwa. Alipiga simu shirika la umeme, wakamsikiliza vizuri, wakamwambia mkaguzi yuko Mlimba na atafika Jumatatu. Ijumaa alimtumia Kristina makubazi ya mpira. Yalirudi na ujumbe kwamba mama kayakataza, hakuna viatu ndani.

Jumamosi saa nne asubuhi Odilia alifika kwa Mzee Maximilian bila kualikwa. Geti siku hiyo lilikuwa wazi, turubai limesimikwa, spika kubwa inarindima nyimbo za kwaya, sufuria za pilau uani. Pale mlangoni palikuwa na rundo la viatu: kandambili, viatu vya kisigino, viatu vya shule, na vile vyeusi vilivyong'arishwa vya Padre Gaudensi, maana naye alikuwa amevua kama wengine na alikuwa sebuleni na soksi zake, moja ina tundu kwenye kidole gumba, akitafuta ukurasa kwenye kitabu cha sala.

Odilia alizunguka nyuma. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na alichokiona kilimfanya asimame. Wanawake wanne wa jumuiya walikuwa wamekuja kumsaidia Kristina kudeki kabla padre hajafika jikoni. Walikuwa wamefunga kanga viunoni, wanacheka, wanamwaga maji ndoo baada ya ndoo, na maji yalikuwa yamefika hadi kwenye miguu ya kile kisiwa. Wote miguu mitupu. Kristina alikuwa nyuma kabisa, mgongo umegusa ukuta, ameshika mpira wa kusukumia maji kwa mikono miwili, haisogelei meza.

"Haya Kristina, futa juu ya meza basi, padre anakuja," mmoja wao alisema. Kwa kuwa Kristina hakujongea, mwanamke yule alichukua kitambaa yeye mwenyewe, akapiga hatua.

Odilia hakupiga kelele. Kelele zingechukua muda. Meinswichi ilikuwa pale pale barazani, hatua mbili, ndani ya kisanduku cha chuma. Alifungua mlango wake na kushusha swichi kubwa. Spika ilikatika katikati ya kiitikio. Kisha akafanya alichofundishwa chuoni, ambacho mafundi wengi hukisahau wakishapata pikipiki: ukizima, funga, na ufunguo ukae mwilini mwako, si mezani, si kwa mwenye nyumba. Alitoa kufuli mkobani, akalifunga kwenye kisanduku, akatia ufunguo ndani ya sidiria.

Nyumba nzima ilimiminikia nyuma. Mzee Maximilian alitangulia.

"Nani kazima?"

"Mimi."

"Washa."

"Siwashi."

Wanaosimulia huongeza maneno mengi hapa. Odilia alisema hayo tu. Mzee alitazama kufuli, akamtazama mwanamke aliyelifunga, akavuta pumzi.

"Binti, hii ni nyumba yangu. Nimealika jumuiya nzima, nimealika padre. Lete ufunguo."

"Nyumba ni yako, mzee. Lakini kwenye fomu ya umeme wake jina ni langu, na mimi sikuweka waya ule. Nitafungua nikishautoa."

"Huna adabu!" Mama Bryson alisema, amebeba mjukuu kiunoni. "Siku ya baraka, na padre amesimama hapo!"

Odilia alimgeukia padre. "Tumsifu Yesu Kristo, padre."

"Milele, amina." Padre Gaudensi alikuwa ameinua kidogo pindo la kanzu lisilowe. "Mwanangu, haiwezi kungoja tumalize?"

"Baraka zinaweza kungoja, padre. Ile meza haiwezi. Wewe mwenyewe uko na soksi, na sakafu ni maji."

Padre alitazama soksi zake, akarudi nyuma hatua moja hadi pakavu. Kisha akakifunga kitabu chake cha sala.

"Evod!" Mzee Maximilian aliita. "Evod yuko wapi? Njoo ukate hili kufuli."

Evod alikuwa chini ya turubai, soda mkononi. Alikuja akitabasamu, na watu wakampisha. "Dada Odilia, wivu huo," alisema. "Kazi ni watu kuachiana. Mimi nimefunga majiko mangapi hapa mjini?"

"Sijui mangapi," Odilia alisema. "Hili hapa ni salama?"

"Asilimia mia."

"Vizuri. Vua buti."

"Nini?"

"Nyumba hii watu wanavua viatu. Padre kavua. Wewe vua, ingia jikoni, simama kwenye maji, shika mguu wa meza. Mimi nitafungua kufuli niwashe. Ukitoka unacheka, nitapiga magoti hapa mbele ya jumuiya niombe radhi, na leseni yangu utachukua wewe."

Watu wote waliangalia buti za Evod. Zilikuwa nzuri kweli, soli ya mpira nene kama kidole gumba, kamba zimefungwa mpaka juu. Evod alicheka. Akasubiri wengine wacheke. Akasema hawezi kucheza michezo ya kitoto siku ya baraka. Akasema hata hivyo kamba zake ni ndefu, zinachukua muda. Akatoa simu mfukoni, ambayo haikuwa imeita, akaiweka sikioni na kuanza kusogea kuelekea kwenye pikipiki. Hakuinama kugusa kamba hata moja.

Hapo lingeweza kuisha, kama Mzee Maximilian angekuwa mtu mwingine. Lakini alikuwa amemsifu Evod mbele za watu, na kiburi cha mzee yule kilikuwa kikubwa kuliko mashine zake zote mbili. Alitoa mguu mmoja kwenye makubazi ya mpira, akatoa wa pili. Aliingia jikoni akikanyaga maji, akafika kisiwani, akashika ukingo wa shiti kwa mikono yote miwili.

"Haya!" alipaza sauti. "Nimeshika! Washa!"

"Baba Bryson," mkewe alisema.

"Nimesema washa! Umesema mtu aingie, mimi nimeingia. Washa tuone!"

Odilia alihisi ufunguo ukimchoma kifuani. Hakuwahi kukusudia kuwasha. Maneno yale alimrushia Evod kwa kuwa alijua Evod hathubutu, na sasa alikuwa amemnasa mtu mwingine, mzee wa watu mwenye presha, aliyesimama majini na vidole vyake vinene vimekaza chuma. Angeshinda ubishi kwa kugeuza ufunguo mara moja tu, na angeubeba ushindi huo moyoni maisha yake yote.

"Siwashi, mzee."

"Kumbe unaogopa! Umeona? Anaogopa kuumbuka!"

"Ndiyo, naogopa. Na siwashi. Nitukane mpaka jioni."

Mzee aliwageukia watu kutaka ushahidi wao, mikono bado juu ya meza. Ndipo Kristina alipotoka ukutani. Alipita katikati ya wanawake wa jumuiya, maji yakimrukia vifundoni, akasimama upande wa pili wa kisiwa, akimtazama mwajiri wake. Hakuwa na mazoea ya kumtazama usoni.

"Baba," alisema. "Hapo uliposimama ndipo ninaposimama mimi. Kila siku. Hivyo hivyo, bila viatu. Na umeme unakuwa umewashwa."

Mzee Maximilian alitazama chini, akaiona miguu yake mitupu ndani ya maji, myeupe kwa kukaa viatuni, na mbele yake miguu ya yule binti. Swichi ilikuwa chini, kufuli limefungwa, hapakuwa na umeme hata wa kuwasha taa ndogo. Alijua hivyo. Hata hivyo aliinua vidole vyake kutoka kwenye chuma, kimoja kimoja, akarudisha mikono kifuani.

Hakuomba msamaha. Alitoka, akapita kando ya Odilia bila kumwangalia, akavaa makubazi yake.

"Utoe huo waya," alisema. "Halafu nisikuone Kibaoni. Fremu zangu hutazigusa hata bure."

"Sawa, mzee," Odilia alisema, na iliuma kama ilivyouma siku ya kwanza.

Alifanya kazi ile nusu saa, watu wote wakimtazama, padre amekaa kwenye kigoda na kitabu chake kimefungwa. Aling'oa ukanda wa plastiki, akatoa soketi ubavuni, akauvuta waya kutoka ndani ya mguu wa chuma. Ulipofika kwenye lile tundu ulikwama, akauzungusha, ukatoka. Pale ulipokuwa umekaa, ukingo wa chuma ulikuwa umekata ngozi yake ya plastiki, na shaba ilionekana ndani, nyekundu, urefu wa punje ya mpunga.

Aliukata waya hapo akampa Kristina kile kipande. Mama Bryson alisogea aone. Shangazi wa Mahenge alisogea. Kristina alikigeuzageuza karibu na macho, akapitisha ukucha juu ya shaba ile, kisha akavua rozari shingoni na kuiweka mkononi mwa Mama Bryson.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe," Odilia alimjibu, kwa sauti ya kufika sebuleni. "Haikuwa wewe hata siku moja."